Kizibo cha Ndiva

Jumamosi iliyotangulia Pasaka ya mwaka huu tulimzika dada yangu Nakunda, kocha wa kuogelea. Alikufa kwa ugonjwa wa figo, kitandani, hospitalini Moshi. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi waliokuja msibani walidhani maji ndiyo yaliyomchukua. Wengine niliona kabisa wangependa iwe hivyo, wapate cha kusimulia wakirudi kwao.

Siku ya tatu nilifungua begi lake la kazi. Mlikuwa na filimbi yenye kamba nyekundu, kofia mbili za mpira, miwani ya majini, na taulo ambalo halikukauka vizuri. Harufu ya dawa ya bwawa ikanipanda puani. Nyumba nzima ilinuka moshi wa kuni na makande ya msiba, lakini mimi, nimeshika taulo lile, nilisikia harufu ya matope. Matope ya ndiva yetu.

Labda wewe hutoki milimani kwetu Same. Ndiva ni bwawa lenye ukuta wa mawe na udongo, walilolichimba babu zetu kukinga maji ya kijito. Usiku hujaa, alfajiri hufunguliwa, na maji huteremka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Tundu la kutolea maji huzibwa kwa gogo lililofungwa magamba ya mgomba na kukandikwa udongo. Hicho ndicho kizibo. Zamu yetu ilikuja kila baada ya siku nane. Jua likigusa bati la kanisa, zamu yako imekwisha, hata kama hukupata tone, na anayefuata anakuja na jembe lake.

Watoto tulikatazwa kuingia ndiva, maana miguu hulegeza kizibo. Tuliingia. Sisi wengine tulikuwa tunachezea pembeni tu, lakini Nakunda alikuwa anavuka. Shangazi alipomchukua kwenda kusoma Moshi, shule aliyompeleka ilikuwa na bwawa, na mwalimu mmoja akamwona. Ikaanza safari ya mashindano.

Mwaka ninaoukumbuka yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Alikuja likizo, kiangazi, na wiki iliyofuata alikuwa na mashindano Dar es Salaam. Shangazi alikuwa ameambiwa wazi na shule: Nakunda akifanya vizuri ataendelea kusoma pale, asipofanya vizuri arudi milimani. Mwalimu wake alimwonya asikae hata siku moja bila maji. Basi kila alfajiri, kabla mwenye zamu hajafika, Nakunda alikuwa ameshaingia ndiva. Maji yale yalikuwa ya baridi ya kukata mifupa. Akitoka midomo ilikuwa ya bluu, anacheka huku meno yanagongana.

Siku ya zamu yetu Mama aliteremka shambani mapema kuongoza maji yakifika. Baba alikuwa kwenye machimbo ya jasi Makanya, alipanda kuja kwetu mara moja kwa mwezi. Maharage yalikuwa yametoa maua, na majani yamekwisha kujikunja.

"Nenda kazibue," Mama aliniambia. "Na usichezecheze njiani."

Nilimkuta Nakunda katikati ya maji. Ndiva ni fupi, kwa hiyo kila akifika ukutani alijikunja, akasukuma mawe kwa miguu, akarudi. Nilishika gogo.

"Ngoja kidogo, mdogo wangu."

"Mama anasubiri."

"Ishirini tu. Nihesabie. Ikifika ishirini, zibua."

"Maharage yanakufa, wewe!"

Alisimama, maji kifuani, akaniangalia. "Na mimi je?"

Nikahesabu. Niliweka kokoto ukutani, moja kila akirudi. Zilipofika ishirini aliinua kichwa, akavuta pumzi, akaendelea, na mimi nikaendelea kuweka kokoto. Sikulazimishwa. Nilikuwa nimeshika gogo kwa mikono miwili na ningeweza kuvuta wakati wowote. Nilipenda kumtazama, basi.

Nilipogeuka, bati la kanisa lilikuwa linawaka jua. Mzee Mbazi, mwenye zamu iliyofuata, alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Tangu lini ndiva ikafuga samaki wa miguu miwili?" Akachungulia mfereji, mkavu kabisa. Mzaha ukamwisha usoni. "Maji ya mama yenu hayajatoka?"

Nakunda akatoka majini.

"Haya, mimi sina la kufanya. Zamu imepita." Akazibua, maji yakaelekea kwake.

Tuliteremka tukiwa tumekubaliana uongo. Mama alikuwa amekaa kwenye tuta, jembe miguuni.

"Kizibo kiligoma," nikasema.

"Kizibo kiligoma," akarudia. Akasimama, akakung'uta kanga, akatuambia twende tukanywe uji.

Maharage ya shamba lile yalikauka. Mwaka ule tulikula makande ya mahindi matupu, na Mama hakusema neno. Nakunda alikwenda Dar es Salaam akawa wa pili, shule ikambakiza. Baadaye aliogelea sana, akashinda sana, kisha akawa kocha. Kila Krismasi alipokuja nyumbani alifundisha watoto wa kijiji ndani ya ndiva ileile, safari hii kwa ruhusa ya wazee. Mwenye zamu akitokea tu njiani, Nakunda alipuliza filimbi, na wote walitoka, hata aliyekuwa katikati. "Tokeni, maji ya watu hayo!" Wengi walidhani ni ukali wa kocha. Mimi nilijua ni nini.

Hospitalini, wiki ya mwisho, aliniuliza, "Mama ulishamwambia ya kizibo?"

"Sijamwambia."

"Kila Krismasi nilikuja nikiwa nimepanga kumwambia. Mwambie wewe."

Basi siku ile ya begi nikatoka nje na filimbi mkononi. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Siku hizi sikio lake moja halisikii, nikakaa upande wa lile zima, nikamweleza yote, mpaka kokoto. Vidole vyake havikusimama.

"Mlisema kizibo kiligoma."

"Ndiyo, Mama."

"Kizibo cha magamba kinagomaje?"

Nikaizungusha kamba ya filimbi kidoleni.

"Maji yalipochelewa nilipanda kuwafuata," akasema. "Nilifika kwenye mgomba wa mwisho nikamwona mwenzako anavyogeuka pale ukutani. Sikuwa nimewahi kumwona akiogelea. Nikasema, basi, amalize. Nikashuka."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngezoea." Akatupa jiwe dogo uani. "Na maharage yangu niliyalilia, usifikiri sikuyalilia."

Miaka yote ile tulijiona wezi, kumbe tulipewa. Hilo nimelijua mimi. Nakunda hakulijua. Mama naye aliliona hilo, maana aliacha kuchambua, ungo mapajani.

Kesho yake ilikuwa zamu yetu. Mama akanituma nikazibue. Nilikuta watoto wanne ndani ya ndiva, wanaogelea peke yao jinsi alivyowafundisha. Waliponiona watatu wakatoka haraka, wakapanga mstari, wananichuruzikia maji miguuni. Msichana mmoja alikuwa upande wa mbali. Akainua kichwa.

"Shikamoo, mama mdogo. Nitoke?"

Niliangalia bati la kanisa. Jua lilikuwa bado.

"Marahaba. Maliza kwanza."

Nikashika gogo, nikamngoja. Alipogusa ukuta, nikazibua.