Zebaki Kidoleni mwa Bosi

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, hajawahi kuonja pombe hata tone. Naanza na hilo kwa sababu kuna mtu alimwita mlevi mbele za watu, na neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alifanya kazi kwa sonara mwenye duka kubwa, akipaka dhahabu vikombe vya fedha. Dhahabu huchanganywa na zebaki mpaka iwe laini kama siagi, hupakwa, kisha kikombe huwekwa juu ya makaa. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Kabla ya kuingia chumba hicho kila fundi huvua pete na kuitundika kwenye msumari mlangoni, maana zebaki ikigusa dhahabu huingia ndani yake papo hapo. Bosi ndiye aliyeweka sheria hiyo, ila humo chumbani yeye hakanyagi.

Mikono ya mdogo wangu ikaanza kutetemeka. Fizi zikavuja damu. Siku alipoangusha kikombe cha mteja, bosi alipaza sauti, "Toka hapa, mlevi wee! Asubuhi asubuhi umeshapiga?" Maneno yalifika nyumbani kabla yake. Shemeji yangu, mumewe, hakuuliza hata swali. Alifunga begi akahamia kwa dada yake.

Nikampeleka hospitali. Daktari, binti mpole, alitueleza kwa vidole.

"Mama, ni moshi wa zebaki aliouvuta. Zebaki inapenda salfa kupita kiasi. Na salfa imo mwilini, kwenye figo, kwenye mishipa ya fahamu. Basi inaing'ang'ania hapo hapo. Dawa hii nayo ina salfa mbili, kama hivi." Akaibana kalamu kati ya vidole viwili. "Inaikamata zebaki katikati, inatoka nayo kwenye mkojo."

"Kwa hiyo inaiiba," mdogo wangu akasema.

"Tena mchana kweupe."

Walipopima mkojo baada ya dawa, zebaki ilikuwa tele. Mikono ikaanza kutulia, nami nikamwambia, "Mdogo wangu, mwachie Mungu."

"Dada, Mungu nimemwachia roho ya bosi. Mdomo wake niachie mimi."

Tukaenda dukani wateja wakiwa wamejaa. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, ingawa sijui niliomba nini.

"Bosi," akasema, "hospitali wameniona. Sikuwa nimelewa. Ni zebaki yako."

Bosi akacheka. "Zebaki! Mbona watu wanaishika kila siku?" Akaagiza bakuli la zebaki liletwe. Fundi aliyelileta aliutazama mkono wa bosi, akautazama msumari wa mlangoni, akaliweka bakuli mbele yake. Mdogo wangu naye aliona.

"Basi ishike tuone," akasema kwa upole kabisa.

Bosi akatumbukiza mkono, na ile pete yake nene ya dhahabu kidoleni. "Mnaona? Maji tu!"

Alipoutoa, pete ilikuwa nyeupe kama kifuniko cha sufuria.

"Heee!" mama mmoja mteja akapiga kelele. "Kumbe ya bati! Na hizi bangili ulizoniuzia je?"

Watu wakaanza kuvua vyao na kuvigeuzageuza. Jasho likamtoka bosi. "Si bandia! Jamani, ni zebaki! Inaingia ndani ya dhahabu!"

"Ndani ya dhahabu inaingia," mdogo wangu akamwambia, "ndani ya nyama ya mtu ikashindwa?"

Watu wote wakamgeukia bosi.

"Sema, bosi."

"Hakuwa mlevi," akanong'ona.

"Paza. Siku ile ulipaza."

Akapaza. Mungu anajua, mimi ni mtu wa kusamehe, lakini sauti ile ilinishuka tumboni kama uji wa moto kwa mwenye njaa. Nikatamani aseme tena. Mdogo wangu akamwambia aseme tena, na akasema.

Jioni shemeji alikuja na begi lake. "Mke wangu, nimesikia. Kumbe walikusingizia tu."

"Walisema mlevi, ukasikia," akamjibu kutoka dirishani. "Wamesema si mlevi, umesikia. Una masikio mazuri. Rudi kwa dada yako ukasikilize kingine."

"Shemeji," akaniita mimi kupitia mlango, "hebu ongea na mwenzio."

Nilikuwa nimekaa ndani, karibu na mlango, komeo liko usawa wa mkono wangu. Nikamwambia nitamwombea, na kweli namwombea. Komeo sikuligusa.