Salamu Iliyoniangusha Mtihani

Hasira ya mtihani ule sijaimaliza mpaka leo. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika ofisi ya uwakala wa ajira, katikati ya Durban. Mtu anakuja kutafuta kazi, namhoji, namtafutia nafasi viwandani kule Jacobs. Halafu ikaja amri kwamba asiye na leseni asimhoji mtu, na leseni haipatikani bila mtihani. Ukifeli, unakiacha kiti.

Maswali ya kuandika nilifaulu vizuri. Yakafuata mahojiano ya kuigiza, mbele yangu mama mmoja aliyejifanya anatafuta kazi. Kwetu Bukavu humrukii mtu na maswali ya kazi kama askari. Nikamsalimia kama ninavyomsalimia kila mtu: ameamkaje, nyumbani wanaendeleaje, watoto hawajambo? Nikafelishwa kwa hilo. Msimamizi alinieleza kwamba kumwuliza mwombaji habari za watoto ni ubaguzi, maana wako wanaowanyima akina mama kazi kwa sababu ya jibu hilo. Kumbe sheria hiyo nilikuwa nimeijibu asubuhi ile ile kwenye karatasi! Sikujua tu kwamba salamu nayo inahesabiwa swali. Na sheria yenyewe ni nzuri, ndiyo maana nilikasirika zaidi baadaye.

Mwenzangu wa meza ya jirani alifaulu. Yule hamsalimii mtu hata kanisani. Akapewa kiti changu, mimi nikawekwa mlangoni kuwapokea watu na kuwaonyesha pa kukaa.

Wiki hiyo hiyo akaja dada mmoja kutoka Isipingo, Mkongo mwenzangu, mimba imeanza kuonekana. Kutoka mlangoni nilimwona mwenzangu akilitazama lile tumbo. Hakuuliza lolote. Alifunga faili la yule dada, akalisukuma chini kabisa ya mengine, akamwambia atapigiwa simu. Mwenye leseni huyo!

Dada alipofika mlangoni alikuwa anatabasamu.

"Ule baba iko na heshima, mama," akaniambia. "Hata habari ya mimba hakuniuliza."

Nilimshika mkono, nikamwambia asingoje simu yao, atafute kwingine leo leo. Kisha nikapaza sauti ifike mpaka kwenye kile kiti, nikamwuliza dada kama watoto nyumbani hawajambo.