Mbwa Aliyepakwa Vidanje

Leo fundi jirani yetu alikuwa anatoa vidanje ya gari, yale mafuta meusi yaliyoungua ndani ya moteri, na harufu ikanishika kooni. Nikajiona tena mdogo, nimechuchumaa karibu na mbwa wetu jike.

Kwetu mbwa akipata kupe au kidonda, anapakwa vidanje. Kwa hiyo uvimbe ulipotokea kwenye titi lake, Papa aliupaka kila asubuhi. Ulikua hadi ukawa kama ngumi, ukapasuka. Papa akazidisha mafuta. Mwishowe Mama alimwita munganga wa banyama, daktari wa mifugo, kutoka mtaa wa Ruashi.

Munganga aliuminya uvimbe, kisha akaweka sikio kwenye mbavu za mbwa na kukaa hivyo kitambo.

“Papa, vidanje inaua kupe. Hii iko kansa.”

“Basi ukate.”

“Ningekata wakati ilikuwa sawa punje ya mahindi. Sasa imefika mu mapafu. Sikia vile anapumua.”

“Hakuna hata sindano?”

“Iko ya kumulalisha asiamuke tena. Kesho nitakuja nayo.”

“Mafuta yako ilimufanya tu ang’ae,” Mama alimwambia Papa.

Munganga alipoondoka, Papa alileta maji ya moto na sabuni, akaanza kumwosha mbwa polepole, akikwepa kidonda. Nilitaka kusaidia, nikaona haya kusema.

“Unamuosha ya nini sasa?” Mama aliuliza.

“Asikufe na uchafu.”

Mbwa alimlamba mkono, na Papa hakuuondoa.