Kichwa Pekee Kisichonyolewa

Alvah Stroud tunayemwona sasa pale mnadani, kipara kinang'aa, akibishana bei za nguruwe, hakuna atakayeamini kwamba zamani alikuwa na nywele za kufunika masikio. Alikuwa nazo. Na zilimtesa.

Chuoni Harlow siku zile, vijana wa timu ya mpira hawakunyoa. Si mpira wa kupiga chenga huu. Ni ule wetu wa kukumbatia mpira kifuani na kugongana kama mafahali, na kofia za kukinga kichwa zilikuwa bado hazijaja. Kinga ilikuwa nywele. Ukiingia timu unaziacha tangu kiangazi, zinakuwa kichaka, na hunyoi mpaka mechi ya mwisho, ile ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Timu ikishinda, unatembea nazo kifua mbele. Ikishindwa, ole wako, maana mji mzima unakutambua kwa mbali.

Mwaka huo walishindwa. Jamani, walishindwa! Mvua ikinyesha walipigwa, jua likiwaka walipigwa. Msimu mzima hawakuambulia hata pointi moja ya kuwaonea huruma. Alvah ndiye alikuwa kapteni, na alipewa ukapteni kwa sababu wenye akili zao waliukataa. Kipaji hakuwa nacho. Alikuwa na mgongo mpana, na haya ya kupindukia. Miaka yote shambani kwao alikula peke yake na baba asiyesema. Lakini nyumbani kwa Mama Teague, walikokula wachezaji, alikuwa na kiti chake, na watu walimwita jina lake wakitaka chumvi. Tuseme ukweli, meza ile aliipenda kuliko mpira.

Basi vichwa vikaanza kunyolewa. Asubuhi moja mmoja alikuja kula akiwa amenyoa, akasema mama yake anaumwa. Kisha wakaja wengine. Hakuna aliyetamka kwamba ameacha timu. Ukiona kichwa cheupe, umeshajua. Mkuu wa chuo naye akatangaza: wasipotimia kumi na mmoja siku ya Shukrani, Harlow haina timu tena. Na bila timu, meza ile haipo.

Kinyozi Dietz alikuwa anamngoja Alvah mlangoni pa duka lake.

"Wee kapteni! Njoo nikufyeke bure, nijazie mto!"

"Bado, Mzee Dietz. Baada ya Shukrani."

"Unashukuru nini, bwana? Kipigo?"

Barabara nzima ikacheka. Alvah naye alicheka kidogo, halafu akapita kwa haraka.

Tumaini lake lilibaki kwa Enos Whitcomb, mwenzake wa chumba. Enos alikuwa ameapa atacheza hata wakibaki wawili. Jioni ya kuamkia sikukuu akaingia chumbani, kofia kichwani, akakaa nayo.

"Vua kofia, Enos."

"Baridi, bwana."

"Enos."

Akaivua. Kichwa kilikuwa kitupu kama yai.

"Usinitazame hivyo! Cora, mchumba wangu, kasema haongozani na kichaka cha washinde."

"Tungekuwa wawili."

"Wawili tucheze nini, Alvah? Karata?"

Alvah alipanda kitandani. Aligeukia ukutani, na moyo ulimuuma hasa.

Kesho yake wageni walishuka kwenye treni, wamekamilika, nywele zinapepea. Alvah alikwenda kuwapokea, maana kapteni ndiye hupokea. Nahodha wao, Lucius Brandt, akaangaza macho kila upande.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja," Alvah akasema. Uongo huo aliubeba mpaka uwanjani.

Hawakuja. Mwamuzi akaamua wageni wautembeze tu mpira mpaka ng'ambo ya mstari, wahesabiwe ushindi. Alvah akaingia katikati, akainama mbele yao.

"Toka, kaka, tutakuumiza," Lucius akamsihi.

"Nyie chezeni."

Wakaja taratibu, kwa aibu. Alvah akamdaka Lucius kiunoni, akang'ang'ania, akaburutwa kwenye matope mpaka mstarini. Watu walicheka mwanzo. Baadaye wakaanza kutazama chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Enos alikuwepo nyuma ya ua, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

Lakini wenyeji lazima wawalishe wageni. Desturi ndiyo hiyo, ushinde usishinde. Mama Teague, Mungu amrehemu, hakuwa ameambiwa lolote. Alikuwa ameandaa pande zote mbili za meza, sahani kwa sahani. Wageni wakajaa upande wao. Upande wa pili akakaa Alvah, matope yamegandana nywelini, akikata bata mzinga na kupitisha sahani, anauliza nani aongezewe viazi.

Lucius akaweka uma chini. Akainuka na sahani yake, akazunguka meza, akavuta kiti kilichokuwa ubavuni kwa Alvah.

"Nikae hapa na wewe, ndugu yangu."

Alvah akauweka mkono juu ya kiti, kwa upole kabisa.

"Samahani," akasema. "Hapo ni pa Enos."

Lucius akarudi upande wake. Alvah akachukua sahani ya Enos, akaiwekea paja la bata na viazi, akaifunika kwa kitambaa isipoe.