Kaka wa Kitana

Saluni yetu ina viti vitatu, na cha katikati ni cha Kitana. Tulimwita hivyo kwa sababu kitana hakimtoki. Hata akinywa chai amekichomeka nyweleni. Tumesuka bega kwa bega miaka kumi na tisa, na muda wote huo nilijua ni mtoto wa pekee, aliyelelewa na shangazi yake.

Mwaka jana ndipo aliponiambia kwamba alikuwa na kaka. Mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka mitatu, ndugu waligawana watoto. Yeye akachukuliwa na shangazi, kaka akaenda na jamaa wa upande wa mama. Hakumwona tena. "Nataka nimwone kabla mmoja wetu hajazikwa," alisema, na hakuwa akitania.

Alianzia pabaya, kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Karani akamuuliza jina kamili la huyo kaka. Hakulijua. Mtoto wa miaka mitatu humwita kaka yake Kaka, basi. Karani akafunga rejista. Nikamkumbusha Kitana kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Akanijibu kwamba yeye kachoka na hajapata kitu.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa shangazi, miaka themanini na ushee, ulimi pilipili. Kitana akamwendea na daftari jipya, akauliza majina na miaka kama polisi. Bibi akajibu, "Sikumbuki." Nilipoambiwa nikamgombeza Kitana: "Mtu mzima hahojiwi! Weka kalamu chini, fanya kazi unayoijua."

Jumapili tukaenda wote. Kitana akamkalisha shangazi mkekani, akamfumua nywele. "Shangazi, ulipokuwa mdogo ulisukwa na nani?"

Basi bibi akafunguka. Alianza na dada zake, akaja kwa wifi yake, yaani mama yake Kitana, kisha akawataja watoto wote wawili, na jina la kaka likatoka kirahisi tu. Daftari nililishika mimi. Kichwa kilipofika nusu, akaushika mkono wa Kitana.

"Alikuja hapa," akasema.

"Nani, Shangazi?"

"Kaka yako. Wewe ulikuwa shule. Kijana mzima, fundi wa madirisha ya chuma kwenye karakana nyuma ya stesheni. Alitaka akuchukue mkaishi pamoja. Nikamwambia umekufa kwa surua." Akashika magoti yake. "Mungu hakunipa mtoto, mwanangu. Ningebaki na nani?"

Nilimkasirikia yule mzee, nikalifunga daftari. Kitana akasuka nusu iliyobaki, taratibu, machozi yakimdondokea shangazi utosini.

Karakana ingalipo. Mwenye karakana alimkumbuka fundi yule mara tu tulipomtajia jina; alishahama zamani, lakini namba yake ya simu ilikuwepo. Kitana akapiga palepale, kwenye vumbi la chuma. Ikapokelewa na msichana, akauliza nani mwenzake. Kitana akataja jina lake kamili, la kuzaliwa.

Msichana akasema, "Samahani, mama, hilo ni jina langu mimi. Baba alinipa la dada yake, marehemu."

Kitana akaegemea ukuta. "Mpe baba simu, mwanangu. Mwambie ni huyo marehemu."