Maili Moja Iliyopungua

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, na mwaka ule niliotaka kuolewa nilikuwa kama niliyekalia siafu. Nilifagia ua wetu pale Busia asubuhi na jioni, hata palipokuwa hapana cha kufagia. Baba, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli, alikuwa ameapa barazani mbele ya wazee wenzake: "Kinywa changu hakitamwoza mwanangu kwa mchukuzi wa samaki." Mchukuzi huyo ndiye niliyemtaka. Alikuwa Msamia aliyesilimu, mpole hadi akaniudhi, akipeleka samaki wakavu Tororo kwa baiskeli.

Ningeweza kumshitaki baba kwa kadhi kwamba ananizuia, lakini nisingethubutu kumwaibisha hivyo. Shehe wetu akanionyesha mlango mwingine. Binti akiwa umbali wa marhala mbili na baba yake, shehe anaweza kusimama mahali pa baba na kufungisha ndoa. Marhala mbili, kwa hesabu yake, ni maili arobaini na nane. Nyumba pekee ambako ningefikia kwa heshima ilikuwa ya shangazi, Mbale, huko mbele ya Tororo. Je, Mbale ilitimia?

Kila dereva wa lori alikuwa na jibu lake. Basi mchumba wangu akanunua Tororo mita ya maili, kidude chenye tarakimu kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele. Pini iliyo kwenye spoki hukigonga kila mzunguko, tik, tik, na tarakimu zikasogea. Akaanzia nayo Busia hadi Mbale, akarudi meno yote nje.

"Hamsini na moja!" alisema. "Mita nasema yenyewe."

Nikaanza kufunga nguo zangu saa ile ile.

Baba alipita pale baiskeli ilipoegemezwa. Akachuchumaa, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza. "Hii inadanganya," alisema, akarudi dukani. Nilidhani ni inda tu ya mzee. Lakini neno lake likaniingia kama mwiba, nami mwiba siwezi kuuacha.

Kulipokucha nikamburuta mchumba hadi barabara ya Tororo, ambako serikali ya Mwingereza ilisimamisha mawe ya maili. Tuliisukuma baiskeli kutoka jiwe moja hadi la pili. Mita ikaonyesha maili moja na kipande. Tukaenda jiwe la tatu, la nne, la tano, na kile kipande kikazidi kukua.

"Labda mawe ndiyo iko mbaya," mchumba akasema.

"Jiwe lina miguu?"

Akafuta tope kwenye tairi, akasoma kipimo chake: inchi ishirini na sita. Akageuza mita: ishirini na nane. Imetengenezwa kwa gurudumu kubwa, nasi tumeifunga kwenye dogo, ambalo huzunguka mara nyingi zaidi. Kwa kila maili ilikuwa ikituongezea. Tukapiga hesabu mavumbini kwa kijiti, tukarudia. Mbale ilikuwa maili arobaini na saba.

"Nani atajua?" akaniuliza taratibu.

"Mimi! Nataka ndoa, sitaki mchezo wa watoto."

Niliingia dukani nimejaa vumbi na hasira. "Baba, ulijua!"

Alikuwa akipaka mnyororo mafuta. "Mita sikuiunda mimi, mwanangu."

"Na kiapo chako je?"

"Kiapo nimekwisha kuapa. Nitakimeza?"

Siku zilizofuata nilivunja vyombo zaidi ya nilivyoosha. Kisha Alhamisi moja alfajiri nikamkuta baba uani na baiskeli yake kuukuu, ile ya ishirini na nane, ambayo goti bovu lilikuwa limemfanya aiache. Kwenye gurudumu alikuwa amefunga mita mpya, sufuri tupu.

"Nakwenda kutafuta spoki," alisema.

"Spoki tunazo tele, baba."

"Hizi ziko mbele ya Mbale."

Akapanda kwa shida, akaenda. Sikuelewa mpaka shehe alipokuja adhuhuri. Baba alikuwa amemwambia kuwa Ijumaa alasiri atakuwa ameivuka Mbale, na kwamba kinywa chake hakina la kutamka; na kwa shehe, aondoke binti au aondoke baba, marhala ni zile zile.

Ndoa ilifungwa Ijumaa hiyo, pale pale Busia, baada ya alasiri. Pilau sikuionja. Itakuwaje kama goti limemshinda, akakaa Tororo anakunywa kahawa? Nitakuwa mke wa mtu au sitakuwa? Niliogopa, na niliona haya kuogopa. Nikakataa kuhamia kwa mume wangu kabla baba hajarudi. Yeye akangoja. Huyo alijua kungoja.

Jumapili baba akatokea, anaikokota baiskeli, anachechemea. Sikumwamkia. Nilipiga magoti kwenye gurudumu, nikapangusa vumbi kwa mtandio wangu. Mia moja na nne. Kwenda na kurudi. Nikagawanya mara mbili: hamsini na mbili. Alikuwa ameuvuka mpaka wa shehe, kisha akajiongezea maili nne juu ya goti lile.

"Niliipima kwa mawe njiani," alisema. "Hiyo inasema kweli."

Mzigoni hamkuwa na spoki hata moja. Akaniomba maji ya moto ya kukandia goti, nami nikaenda kuyabandika, nikalia jikoni mpaka yakachemka.