Mchimba ngolo aliyetaka kumtii Mungu kwa siri

Saa moja asubuhi, ukungu haujaachia vilima vya Umatengo, na Celestina Hyera tayari ana matope hadi magotini. Anainama, anachimba, anautupa udongo juu ya majani yaliyolazwa miraba, na katikati linabaki shimo. Anahamia la pili. Wanawake kumi wanamfuata nyuma, na kumfikia hawamfikii.

Mashimo haya, ngolo, ndiyo yanayowalisha watu huku juu ya Kigonsera, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi hupita akifikiri. Shimo hushika maji ya mvua, tuta hubeba maharage, na shamba la chini husalimika maadamu la juu limechimbwa vizuri. Celestina, mwenye miaka hamsini na sita, hulipwa shilingi elfu sita kwa siku kuchimba mashamba ya watu, kwa kuwa matuta yake hayabomoki.

Moja tu lilibomoka, na alilibomoa mwenyewe.

Miaka tisa iliyopita baba mkwe wake alimpa Serafina, binti yake na wifi wa Celestina, shamba la bondeni lenye rutuba. Serafina alikuwa amefiwa na mume huko Liuli, akarudi kwao. Celestina, aliyemuuguza mzee yule miaka nenda rudi, akabaki na mteremko wa mawe. Ilimuuma, wala hafichi. Mvua za kwanza zilipokaribia akaenda kwenye kona ya shamba lake, juu kabisa ya shamba la wifi yake, akakata tuta kwa jembe. Maji yakafanya yaliyobaki.

Serafina, aliyevuna magunia manne ya maharage mwaka wa kwanza, akashuka mwaka baada ya mwaka hadi madebe mawili. Hakumshuku mtu. Alisimama kwenye jumuiya ndogo ya kanisa akaomba waumini wamwombee shamba lake. Na mwenyekiti wa jumuiya, aliyeongoza maombi hayo, alikuwa nani? Celestina huyo huyo.

“Niliitikia ‘Bwana, twakuomba utusikie’ kwa sauti kuliko wote,” anasema, macho chini. “Sauti yangu mwenyewe ikanitisha.”

Kwaresima ya mwaka juzi alikwenda kuungama. Padre akamwambia azibe lile tundu, kisha akamwambie wifi yake ukweli. La kwanza alilifanya siku ile ile. La pili akaliweka kiporo. Badala yake alifunga, alifagia kanisa, akawa anaacha maharage mlangoni kwa Serafina bila kuonekana. Lakini udongo uliokwisha kuondoka haurudi kwa kufunga, na shamba la bondeni likazidi kuonyesha mifupa yake.

“Nilitaka kumtii Mungu kwa siri,” anasema. “Nilimpa kila kitu isipokuwa kile alichoniomba.”

Mwaka jana, Jumapili ya shukrani ya mavuno, walipanga mstari kupeleka vipaji altareni. Celestina alibeba kapu limejaa. Mbele yake alikuwa Serafina, na bakuli dogo la maharage alilolifunika kwa kitenge ili watu wasione uchache wake. Celestina akaona. Akaliweka kapu chini katikati ya kanisa, akamshika wifi yake mkono, wakatoka. Watu walidhani kuna msiba.

Walitembea saa nzima na nguo zao za kanisa hadi kwenye ile kona. Hapo akamwambia yote.

Serafina hakupiga kelele. Alipiga magoti akapapasa tuta lililozibwa, muda mrefu. Kisha akasema, “Kumbe haikuwa Mungu.”

Akamweleza, ndipo Celestina akajua. Serafina alipofiwa alimwacha mama mkwe wake mzee peke yake Liuli, na miaka yote aliamini Mungu anamwadhibu kwa hilo. Kila mvua iliponyesha alijua ni hukumu yake.

“Nilidhani nimemwibia udongo, kumbe nilimwibia Mungu wake,” anasema Celestina. “Nikaelewa kwa nini sikupata raha hata nilipoziba. Mungu alikuwa anamtafuta yeye, na njia ilikuwa mdomo wangu. Mimi! Niliogopa, ndugu mwandishi. Bado naogopa.”

Ukweli ulimgharimu. Aliacha uenyekiti mwenyewe. Wachimbaji wenzake walikuwa kumi na wanane, wanane waliondoka. Mumewe alimnunia mwezi mzima. Kila Alhamisi hapokei kazi za watu: anabeba udongo wa mtoni kwa karai, anaumwaga shambani kwa Serafina. Serafina anajibu salamu, basi.

“Kusamehe bado,” Serafina anamwambia mwandishi, akipalilia. “Lakini Krismasi nilikwenda Liuli kumwona mama mkwe. Miaka tisa nilikuwa naogopa. Alinipokea kwa kilio. Akimaliza matibabu, nakuja naye hapa, tuishi wote.”

Celestina hakuwa na habari hizo. Mwandishi anapomwambia siku ya Alhamisi, anatua karai, anakaa juu ya tuta. Anauliza kama kweli Serafina alikwenda. Anauliza kama yule mama kweli alimpokea. Kisha analia, bila hata kujifuta.

Anahesabu kwamba shamba litachukua miaka mitano kurudi lilivyokuwa. Alikuwa amepanga Alhamisi tu, lakini sasa anaona haitoshi. Ataongeza na Jumanne.

“Mama mzee anakuja,” anasema, akijitwika tena. “Atahitaji kula.”